Mkwe Aliyetaka Mpunga Upande Mlima

Nyinyi mmeshaona mpunga inapanda mlima? Mimi niliona, hapa Bokoli, kwa shamba ya mkwe wangu, bwana ya msichana wangu wa pili.

Huyo mtu ni wa Saboti, kule Kitale kwa mahindi. Huko mpunga wanaijua ikiwa kwa gunia ya duka. Akanunua shamba juu yangu, akaniona huku chini kwa tope navuna, naye akataka. Nikamtumia maneno kupitia msichana wangu: mpunga si mahindi, inataka maji ikae miguuni, na huko kwako ni mchanga, maji inapita tu.

Akarudisha jibu, "Ambia mama alime yake."

Halafu akachukua jembe akaziba mtaro wangu, maji yote akageuzia kwa mlima wake. Mpunga yangu wakati huo ilikuwa imeshika mimba. Siku ya nne tope ikapasuka kama kisigino.

Sasa ningefanya aje? Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso. Akinikuta njiani anaingia kwa majani. Siwezi enda kumtukana kwa mlango. Lakini hakuna mtu alisema siwezi keti. Nikabeba kiti na njugu, nikafungua ule mtaro na mguu, nikaketi hapo hapo kando yake. Si nikiondoka atafunga tena.

Akakuja na jembe yake. Kuona leso yangu, akageuka mbio. Nilicheka mpaka njugu ikapanda pua. Nikaanza kuongea peke yangu, na sauti: "Ati kuna mtu anafundisha maji kupanda mlima. Kwao Kitale labda maji iko na miguu."

Msichana wangu akakuja amekasirika. "Mama, rudi nyumbani. Unaniaibisha."

"Nirudi nikapike nini, tope? Bwana yako aje anitoe."

"Si unajua hawezi."

"Basi."

Siku tatu nilikaa. Yeye alikuwa anachungulia kwa ua, mimi naketi naiangalia hiyo ua. Mpunga yake juu ikakauka kama nyasi ya paa. Yangu ikaanza kurudisha rangi, lakini goti langu likakataa umande, na mavuno ilikuwa bado mbali sana.

Siku ya tatu mjukuu akaniletea chai, msichana wa huyo huyo mtu.

"Kukhu," wajukuu wananiita hivyo, "utakaa hapa mpaka mavuno?"

"Nitakaa. Nikikufa mnizike kwa mtaro, tuone kama atafunga."

Hakucheka. Akachukua kiti yangu akaweka kwa kichwa.

"Twende nyumbani. Mimi hakuna mwiko inanizuia kuongea na baba. Kila asubuhi kabla niende shule nitapita hapa, na nikipata amefunga, nitamwita akuje aone nikifungua."