Nilivyomweka Mtoto Rehani

Watu wakiniuliza kwa nini sikuinunua ile pikipiki, huwa nasema ilikuwa mbovu, tunaishia hapo. Ubovu ilikuwa nao, ndiyo. Lakini sikuiacha kwa sababu ya ubovu.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Miezi minane yote sijatoka Ipuli, mtaani kwetu Tabora, ukiacha kliniki na sokoni. Nilitaka pikipiki ya safari, si ya kubebea abiria. Ndefu, ya zamani, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba na watu wa miradi, zenye tangi kubwa na springi za kuvumilia makorongo. Nilitaka kuipanda mpaka Ujiji. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Njia hiyo aliimaliza kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Mimi hata Urambo sijafika. Mume wangu akacheka, "Ujiji kuna nini?" Nikamwambia kuna Ujiji. Akasema miguu yangu haitagusa chini. Mjinga. Kaka yangu alinifundisha kuendesha kabla sijaolewa, na miguu ilikuwa inagusa.

Nikasikia Ntalikwa kuna mzee anauza. Nikaenda asubuhi, mtoto mgongoni, pesa nimezifunga kiunoni ndani ya kanga. Mzee alikuwa bwana shamba mstaafu wa tumbaku. Mke wake alikuwa amekaa mkekani anamenya karanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akachungulia nyuma yangu, barabarani. "Mnunuzi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akachungulia tena, labda ningebadilika.

Alipofunua turubai nilisahau dharau yake. Tangi lilikuwa jekundu, limepauka. Nikakagua spoki, mnyororo, oili, nikatikisa usukani. Nikapiga kiki mara mbili, ikawaka, ikanguruma taratibu kama mtu anayesafisha koo.

"Ijaribu," mzee akasema. "Ila utaniachia kitu. Wa juzi aliniachia kitambulisho, kumbe si chake. Acha hizo pesa."

Nikajiambia, niache pesa kwa watu nisiowajua? Nimerogwa? Nikashika kiuno changu. Yule mama akaniona, akacheka, akajipangusa mikono.

"Basi atuachie huyu bwana mkubwa. Mwenye mtoto atakosa kurudi?"

Tukacheka wote watatu. Nikafungua mbeleko, nikampa yule mama mtoto. Nikampa na mfuko wa nepi, simu yangu imo humo humo. Wala sikuuliza majina yao. Pesa nikabaki nazo kiunoni, zimekazwa vizuri.

Nilimwambia mzee naishia kwenye pampu ya maji. Nikaipita. Hilo sijamwambia mtu hata mmoja nyumbani. Nikaingiza gia ya nne, mashamba yakaisha, pori la miyombo likaanza, upepo ukaingia kwenye mikono ya blauzi, mgongo wangu mwepesi, hauna mtu. Nikaimba. Mama mzima naimba porini.

Nilipopunguza mwendo nigeuze, ikazima.

Nikapiga kiki. Nikafungua koki ya mafuta ya akiba, nikapiga. Nikachomoa waya wa plagi, nikaupuliza, nikaurudisha, nikapiga mpaka paja likatetemeka. Kimya. Injini inatoa joto tu, inalialia kama sufuria iliyoepuliwa. Nikatafuta simu mfukoni, na hapo ndipo nilipokumbuka iko wapi, na iko pamoja na nani.

Nilikuwa sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kujifungua. Nilianza kuisukuma. Mchanga ukayameza magurudumu. Kila hatua nilijiuliza swali jipya. Wale ni mtu na mke wake kweli? Nyumba ni yao au wamepanga? Mbona sikuona wajukuu, sikuona nguo za watoto kambani? Kwa nini yule mama alimpokea mtoto haraka vile? Halafu maziwa yakaanza kuvuja, blauzi ikalowa pande zote mbili, nikajua huko aliko analia. Nikaingiza pikipiki nyuma ya kichaka, nikakimbia.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa mwanamume mwenye baiskeli, amebeba ndoo ya asali kutoka porini. Nikasimama mbele yake katikati ya njia.

"Kaka, nifikishe Ntalikwa. Mtoto wangu yuko huko."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nimemwacha."

"Kwa nani?"

"Sijui jina lake."

Akashusha mguu chini, akaniangalia kuanzia usoni mpaka kwenye blauzi iliyolowa.

"Umemwacha mtoto anayenyonya kwa mtu usiyemjua jina?"

"Kaka, twende."

"Mimi siku hizi hata baiskeli siachi kwa mtu nisiyemjua."

Ningeweza kumzaba kofi. Alikuwa anasema kweli na ndiyo maana. Akanipakia kwenye keria, ndoo mapajani kwangu, akakata njia ya mkato katikati ya mashamba. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Kila tuta asali ilinimwagikia mikononi, naye ananigombeza, "Dada, shika ndoo! Hiyo ndiyo karo ya watoto!" Niliishika. Nilikuwa nahesabu mapaa ya nyumba.

Nyumba ilikuwepo. Mama yule alikuwa amesimama mlangoni, mwanangu mgongoni kwake, kwenye mbeleko yangu. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala upande. Sikujua kama amelala usingizi au vipi.

Nikamkimbilia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Pikipiki iko wapi?"

"Imezima. Iko porini. Nipe mtoto."

"Porini wapi?"

"Mama, nipe mtoto wangu."

"Mume wangu amechukua baiskeli, amekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha akutafute barabarani. Tumekungoja mpaka tukasema huyu katubadilishia mtoto kwa pikipiki." Akaikaza mbeleko kifuani. Sasa ndiyo nafahamu kuwa naye aliogopa. "Miaka thelathini ya kazi ya mume wangu ndiyo ile pikipiki. Nikikupa huyu ukaondoka, akirudi nimwambie nini?"

Mrina asali alikuwa amesimama na baiskeli yake. Nikapiga magoti mkekani, nikafungua kiuno. Vidole vimejaa asali, fundo halifunguki. Nikalivuta kwa meno. Nikazimwaga noti juu ya karanga, zote.

"Chukua. Chukua zote. Nipe."

Alizitazama zile noti. Hakugusa hata moja. Akainama, akafungua mbeleko.

"Nawa mikono kwanza," akasema. "Utamjaza asali machoni. Amelia mpaka amechoka. Nimempa uji kidogo, usinigombeze."

Nikanawa kwenye karai, maji yakamwagika nusu. Akanipa. Alikuwa wa moto, ananuka moshi wa jiko lisilo langu. Alifumbua macho, akanitazama muda mrefu kama mtu anayekumbuka jina, akaanza kutafuta ziwa. Nikakaa pale pale chini, nikamnyonyesha mbele ya mwanamume nisiyemjua, aibu sikuwa nayo.

Tulikuwa bado tumekaa tuliposikia mngurumo. Mzee akaingia uani amepanda pikipiki, baiskeli aliyoondoka nayo ameiacha kwa watu njiani.

"Mbona inawaka?" akasema. "Nimefuata alama za magurudumu mpaka kichakani, nikapiga kiki moja tu."

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini, mwanangu?"

"Kwamba inazima."

Akajikuna shingo. "Ikipata moto sana inataka kupumzika. Nusu saa hivi. Kisha ni nzima kabisa."

"Na hukuniambia!"

"Uliniambia unaishia kwenye pampu. Mpaka pampu haipati moto."

Mke wake akasema "Baba!" kwa sauti ya kumkanya, lakini alikuwa ananitazama mimi. Mrina asali naye. Hasira zangu zote, na zilikuwa nyingi, nilitaka kumwagia yule mzee, nikakosa pa kuanzia, kwa sababu pampu niliipita mwenyewe, naimba.

"Ukibadilisha koili tu, inakufikisha Kigoma," mzee akaendelea. "Sikiliza." Akavuta mafuta.

Nilisikiliza. Mtoto kifuani, mate yake na maziwa yananitiririka tumboni, na sikio langu likageuka lenyewe kufuata ile sauti. Ilikuwa safi. Nikaanza kukadiria, kwa kaka yangu kuna koili, mtoto anaweza kushinda kwa shangazi yake siku mbili, tatu. Nikajisikia nikikadiria, nikaogopa kuliko kule porini.

"Zima," nikasema.

"Sikiliza kwanza, mwanangu, inavyo—"

"Zima! Mtoto anaogopa."

Akazima. Mtoto hakuwa anaogopa. Alikuwa ananyonya tu, macho amefumba.