Kidonge cha Mswalani

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uuguzi sikumgusa mgonjwa. Sista wa wodi, mama wa Kirabai mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu, alinikabidhi mashine ya presha, ile ya zamani ambayo zebaki yake hupanda na kushuka ndani ya kioo, akaniamuru nimpime yeye mwenyewe. Nikamfunga ule mfuko wa hewa juu ya kiwiko, nikaujaza, nikatega sikio. Mpigo wa kwanza unaousikia ndiyo presha ya juu, moyo unaposukuma damu. Pale mpigo unapopotea ndiyo ya chini, moyo unapopumzika. Nikamsomea.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini hukuniuliza kama nimetoka kupanda ngazi. Presha haisomwi bila mwenyewe."

Vijana wa leo mna mashine za betri zinazosoma zenyewe, mnadhani na kuuliza zinawaulizia.

Wodi ile ndiyo iliyonifundisha kuiogopa presha. Presha haina maumivu wala haibishi hodi. Mtu hulala mzima akaamka mdomo umepinda na upande mmoja wa mwili umekufa, ndicho kiharusi. Nakumbuka fundi wa kushona kanzu aliyeletwa na mkewe, na dawa zake mkewe amezifungia kwenye leso, karibu zote hazijamezwa. Alikuwa ameona yu mzima, akaziacha. Mkono wake wa kulia haukushika sindano tena, na kila nikimlisha nilikuwa naona haya kumtazama usoni.

Kutoka hapo nilipelekwa kliniki ya Tudor, kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini yule Sista akapewa kusimamia zahanati moja ndogo ya Mji wa Kale, akaniomba nimfuate. Huko Tudor tulikuwa na wimbo mmoja kwa kila mgonjwa: kidonge cha maji, saa mbili asubuhi, pamoja na chai. Kidonge cha maji ni dawa inayoyatoa mwilini maji na chumvi iliyozidi ili mishipa ipumue. Humpeleka mtu chooni mara kwa mara kwa saa chache, ndiyo maana huwa hatumpi usiku, asije akakesha. Wimbo ule nilihama nao.

Zahanatini tulikuwa na mgonjwa aliyeitwa Bi. Zuhura, mwosha maiti. Wanawake wa mitaa kadhaa, akifa mmoja wao, aliitwa yeye. Kila akija kupimwa presha yake ilikuwa juu, na kila mara aliapa kuwa dawa anazo na anazimeza. Daktari wetu, aliyekuja mara moja kwa wiki, alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka.

"Mwongezeeni dawa," alisema siku moja. "Na hiyo kazi aiache. Ataanguka juu ya maiti."

Bi. Zuhura akajifunga buibui lake vizuri. "Kazi hii nimeipokea kwa mamangu, daktari. Nikiiata mimi, nani atawaosha? Basi afadhali nianguke."

Nilimtazama mikono yake, ilivyotulia mapajani, nikamkumbuka fundi wa kanzu.

Sista akavuta kiti, akaketi mbele yake kama mgeni aliyekuja kubarizi.

"Sabalkheri, Bi. Zuhura."

"Alkheri, Sista."

"Hebu nihadithie siku yako, tangu unapoamka."

Akahadithia. Huamka kwa adhana ya alfajiri, akaswali, akakaa mswalani na tasbihi yake mpaka kupambazuke. Kisha hufagia, hupika chai, na saa mbili humeza kidonge, kama tulivyomfundisha.

"Na siku ukiitwa?"

Bi. Zuhura akatazama chini. Akapangusa magoti yake yaliyokuwa hayana vumbi.

"Nikiitwa hukiata, sikimezi," akasema. "Watu huzika adhuhuri au alasiri, kwa hiyo kuosha ni asubuhi. Nikishaanza mlango hufungwa, na nde ukumbini wamejaa watu. Siwezi kutoka mbio kwenda chooni nikamwata mtu wa watu nusu maji nusu mkavu. Ile ndiyo stara yake ya mwisho."

Basi kumbe kila mauti ya mtaani yalikuwa yakimnyima dawa, na Mji wa Kale haukosi matanga. Tungalimwongezea, siku asiyoitwa angalimeza nyingi kwa mpigo mmoja na kuona kizunguzungu, na siku anayoitwa asimeze hata moja.

Sista akamgeukia daktari. "Akikimeza pale pale mswalani, baada ya alfajiri?"

Daktari akafikiri. Safari hii hakuwa na haraka. "Mpaka wamwite, maji yatakuwa yamekwisha kutoka. Ni sawa. Lakini kila siku, aitwe asiitwe." Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nilisema asubuhi. Asubuhi ya nani, sikuuliza."

Presha ya Bi. Zuhura haikushuka kwa siku moja. Ilishuka kidogo kidogo, na dawa hatukumwongezea.

Mamangu alifariki mwishoni mwa miaka ile ile, jua likichomoza, katika chumba cha juu cha nyumba yetu nyuma ya Ngome. Mimi niliyezoea vifo vya watu nilisimama mlangoni nisijue pa kuweka mikono. Bi. Zuhura akapanda ngazi na kikapu chake cha majani ya mkunazi na karafuu maiti. Nilitaka kumwambia mengi, lakini kilichonitoka ni kile nilichokizoea.

"Bi. Zuhura, umemeza dawa?"

Wanawake waliokuwapo wakatazamana. Yeye akanishika bega.

"Nimemeza, mwanangu. Mamako simwati mpaka nimtimize."

Akafunga mlango, na haukufunguliwa mpaka alipomaliza.

Siku hizi nimestaafu, na presha imenipata mimi pia. Watu hunijia na waliyoyasoma kwenye simu, mmoja asema usiku ndio bora, mwingine asema asubuhi, na mimi huwarudisha kwa daktari. Dawa hazifanani, naye ndiye ajuaye yako ni ya aina gani. Lakini siku yako ilivyo, usipomwambia wewe hatajua. Saa usiyoweza kuitunza haina ubora wowote.

Nilipoacha kazi Bi. Zuhura alinifundisha kuosha, kwa mikono yake yote miwili, mizima hadi uzeeni, akaniachia na kikapu chake. Alfajiri nilipoletewa habari yake nilikuwa bado mswalani. Nilimeza kidonge changu kwanza, kisha nikachukua kikapu chake nikaenda kumwosha.