Fuwele ya Mektilda

Mwaka ule magari ya wanunuzi binafsi wa pamba yalikuwa yakipishana na ya chama cha ushirika pale Sapiwi. Ndipo Mektilda aliporudi kutoka Ujerumani kwa siku nne, akiwa njiani kwenda Afrika Kusini kumalizia utafiti wake. Alikuwa na kiboksi kidogo, na ndani yake fuwele ndogo kama ukucha, angavu kama maji.

Baba yake, Luhende, aliichungulia. "Miaka sita ya Ulaya, mwanangu, umeniletea chumvi ya ng'ombe? Hii hata ndama haimtoshi!"

"Baba, ndama akiilamba tu, mimi nimefukuzwa."

Mama yake, Nyanjige, hakucheka. Aliishia darasa la nne, lakini hakuna kilichompita machoni. "Inafanya nini?"

"Mayu, tunapitisha humu mianga miwili, mmoja wenye nguvu, mwingine dhaifu. Mianga mifupi mno. Kufumba jicho kwako, kwayo ni miaka na miaka. Ikifika pamoja, wenye nguvu unamgawia mdogo wake nguvu zake. Nikiinamisha fuwele kidogo, naupata huo mdogo kwa rangi niitakayo. Kwa huo nitaona jani linavyokula jua."

"Kama maksai mkongwe na dume changa kwenye nira moja."

"Hapo hapo! Wasipokwenda hatua moja, hakuna kitu. Nimepewa wiki tatu tu kwenye mtambo wa huko Afrika Kusini, kuanzia mwezi ujao. Usiiguse kwa kidole, mayu. Alama ya kidole inaiharibu."

Siku ya nne, kabla hakujapambazuka vizuri, Mektilda akiwa anaoga, Nyanjige alichota maji yenye unga wa mtama. Kwake mbegu haikutoka ghalani, wala jembe jipya halikugusa shamba, bila mama wa mji kuvipulizia maji hayo kwa kinywa. Na hili, aliwaza, ndilo jembe la mwanangu. Alifungua kiboksi, akaomba, akapuliza. Kidole hakikugusa.

Matone yalipotulia juu ya fuwele, aliona chembe za unga zimebaki. Alichukua pamba iliyochambuliwa, nyeupe kuliko zote, akafuta. Alipoiinua kwenye mwanga wa mlango, ilikuwa na ukungu. Akafuta tena. Ukungu haukutoka.

Akafunga kiboksi.

Mektilda alitoka akiwa amevaa. "Mayu, mbona umenyamaza hivyo?"

"Safari yako tu, mwanangu. Nina wasiwasi."

"Wewe na wasiwasi wako!" Mektilda akamkumbatia. Basi la Mwanza lilipiga honi barabarani, na Nyanjige akambebea begi hadi mlangoni mwa basi. Neno lilikuwa mdomoni. Alilimeza. Alihofu binti angeahirisha safari, au angemwita mama wa kishamba mbele ya abiria.

Barua ilifika baada ya miezi miwili. Mwanga wenye nguvu ulikuwa umeitoboa fuwele pale pale palipokuwa na ukungu. Nyingine ingechukua wiki mbili kufika, na siku zake zilizobaki akapewa mwanafunzi mwingine. "Profesa anasema sikuitunza," Mektilda aliandika. "Nadhani ni kweli. Labda unyevu wa safari. Mniombee." Luhende alisoma kwa sauti, na Nyanjige akainuka kwenda kutazama mboga isiyokuwepo jikoni.

Aliubeba mzigo huo miaka miwili. Mektilda alikuwa amerudi bila shahada, anafundisha fizikia sekondari mjini Bariadi, na kila wageni walipouliza kuhusu shahada alijibu, "Nilizembea." Siku moja Nyanjige alimsikia akimjibu hivyo mchungaji, akashindwa kuvumilia. Wageni walipotoka, akaeleza yote: maji, unga, pamba, ukungu.

Mektilda alisukuma kando vikombe vya wageni.

"Ungeniambia asubuhi ile, mayu, ningepiga simu nilipofika Mwanza. Wangetuma nyingine kutoka Ujerumani kabla wiki zangu hazijaanza."

"Niliogopa ungekasirika."

"Ningekasirika sana. Halafu ningepiga simu."

Alivuta madaftari ya wanafunzi akaanza kusahihisha. Nyanjige alibaki ameketi kando yake, bila kujua kama amfae kwa kuondoka au kwa kukaa.