Njia Iliyotokea Nyuma ya Migomba

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko zote, na siku hiyo sikuvunjika mguu, sikuumwa na nyoka, wala sikupotea njia. Nilitembea vizuri kabisa. Ndiyo maana uliponiuliza jana viatu gani vinafaa kwa matembezi yenu ya milimani, uliniona nimenyamaza.

Nimewaona hapa uani mkipima mabegi na kuchekana, na nimefurahi. Habari ya viatu ni fupi: vaa vile ambavyo mguu umeshavizoea, na soksi nzito, basi. Yule kiongozi wenu atawaambia mengine. Lakini kuna jambo moja la kutayarisha ambalo huenda asilitaje, kwa hiyo acha hilo begi, ukae.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa cherehani hapa Voi. Nilikaa chumba kimoja kule mtaa wa Kaloleni na dada yangu mkubwa, Mshai, aliyekuwa akifanya usafi kwenye zahanati. Sisi ni watu wa milimani, kwetu ni upande wa Werugha, lakini mimi nilikuwa na miaka sijapanda kule. Nilikuwa nimezaa mtoto wa kiume nikiwa sijaolewa. Jina lake lilikuwa Maghanga. Homa ilimchukua kabla hajajua kutembea. Nilituma habari nyumbani nikaomba azikwe shambani kwa baba, penye baridi na migomba, na baba akajibu kwamba mtoto ambaye babake hajawahi kupiga hodi kwake hatalala katika ardhi yake. Basi Maghanga alizikwa hapa chini, kwenye makaburi ya mji, katika udongo mwekundu unaochoma hata jua likiwa limetua. Toka siku ile nilichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu, mtoto wangu alale kwetu. Na mtu niliyemchukia alikuwa mmoja tu.

Nimesema nilimchukia. Sitaki kulipaka sukari neno hilo kwa sababu sasa nimezeeka.

Mwaka huo vijana wa kanisa letu walipanga kutumia likizo ya Agosti kutembea milimani kwa miguu. Gari lingetufikisha Mwatate, kisha tungepanda mpaka Wundanyi, tuambae ambae juu kwenye misitu, halafu tushukie Mbololo na kurudi Voi. Kiongozi alikuwa Mzee Mwadime, aliyekuwa amestaafu kazi ya kulinda msitu na aliyeijua milima ile yote. Mshai alikuja na habari hizo mbio mbio. "Twende, mdogo wangu. Utapata hewa. Njia inapita juu msituni, hata nyumbani hatukaribii."

Nilikubali. Nilikuwa na hamu ya ukungu wa kwetu, mwanangu, ile hamu ambayo mtu hawezi kumweleza aliyezaliwa penye joto.

Mzee Mwadime hakuwa na haraka nasi. Kila Jumapili baada ya ibada alitutembeza kuelekea Mbololo na kurudi, mabegi mgongoni yakiwa na mawe badala ya unga. Aliyekuwa mzito kuliko wote ndiye aliyewekwa mbele, na sisi wengine tulilazimika kufuata mwendo wake. Mwanzoni mzito huyo alikuwa mimi, kwa sababu ya kukaa sana kwenye cherehani. Nikirudi nyumbani miguu imevimba, Mshai alikuwa akitia maji moto na chumvi kwenye karai na kunikanda nyayo kidole kwa kidole. Alivipaka viatu vyangu mafuta mpaka vikalainika. Alinishonea mikanda ya begi kwa mkono wake, na fundi ni mimi! Hakuna mtu aliyewahi kunitayarisha hivyo kwa lolote, hata mama yetu alipokuwa hai. Nikimkumbuka amechutama mbele ya lile karai, hasira na mapenzi hunijia pamoja mpaka leo, na sijui nianze na lipi.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka, mzee alituita kwake alasiri akague mabegi. Kulikuwa na Mkamba mmoja katika kundi letu, Mutua, mpagazi wa stesheni na mtu wa vichekesho. Mzee alichomoa redio kutoka kwenye begi la huyo Mutua.

"Mzee, hata muziki kidogo tu?" Mutua akalalamika. "Hii milima yenu imenyamaza sana."

"Ukifika ile miinuko utakuwa unapumua kwa sauti. Huo utakuwa muziki wako."

Tukacheka. Kisha akauliza kila mtu ana ugonjwa gani: goti, kifua, kizunguzungu. Alisema hawezi kumwongoza mtu ambaye hajui anaumwa wapi. Na alipomaliza ya mwili akaleta kikombe cha maji, akasema tutatasa.

Wewe umekulia mjini, acha nikueleze. Kutasa ni desturi yetu Wadawida, ambao mjini mnatuita Wataita, ya kutoa hasira. Unapiga funda la maji, unayapuliza chini, na huku unasema lililo moyoni, ili lisikae ndani likageuka ugonjwa wako au wa mwenzako. Baadhi ya vijana walitazamana, maana pale kanisani wako waliosema hayo ni mambo ya zamani. Mutua ndiye aliyeokoa. "Leteni maji. Mimi nina hasira na huyu mzee kwa redio yangu." Akapuliza, na sote tukalegea.

Ilipofika zamu yangu nilisema ukweli mbele ya watu wote. "Nina hasira na baba yangu kwa ajili ya mtoto wangu. Nimejaribu kuitoa, haitoki yote. Niliyoweza nimeitoa."

Mzee Mwadime akaitikia kwa kichwa. "Umesema. Sasa tunajua unatembea na nini."

Mshai alifuata. Alipiga funda, akapuliza haraka, akasema, "Mimi sina neno." Akanirudishia kikombe bila kunitazama. Nilidhani ana aibu tu.

Sikuchoshi na siku za mwanzo. Zilikuwa njema, na kwa kweli ndizo siku za mwisho ambazo nakumbuka nikicheka bila kitu nyuma yake. Nilitembea mbele. Miguu haikunisaliti hata kidogo, na Mutua alianza kuniita gari moshi.

Asubuhi ile tulitoka msituni, ukungu umetanda hata mtu wa tatu humwoni. Mzee alisema tutateremka kidogo, kuna mzee mmoja atatupa uji wa moto. Habari hiyo alikuwa ameipata kwa Mshai, lakini mimi sikulijua hilo. Tulishuka kwa njia ambayo sikuwahi kupita utotoni, njia ya watu wa kukata kuni, ikatokea nyuma ya migomba. Ukungu ukafunguka kidogo. Nikaona paa. Nikaona jiwe la kunolea mapanga ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilikalia nikiwa mdogo. Halafu nikamwona baba amesimama njiani, amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi, mkono mmoja ameshika fimbo.

Alikuwa amekonda sana. Hakunisalimu kwa jina. Alisema tu, "Umefika. Nimekungoja tangu alfajiri. Njoo, nina neno na wewe."

Nikageuka nikamtazama Mshai, naye akatazama chini. Hapo nikaelewa kila kitu, karai, chumvi, mafuta ya viatu, mikanda ya begi. Nilikuwa nimenoneshwa kama mbuzi na kuletwa. Watu wote wa kanisa wamesimama nyuma yangu wakitazama, wanaojua nilichosema kwenye maji. Uso ulinichoma.

"Mimi napita tu, baba," nikasema. "Niko na wenzangu."

Nikampita. Koti lake liligusana na begi langu, njia ilikuwa nyembamba hivyo. Hakuniita tena.

Nilipanda mpaka nikaona nimefika mbali, na kundi likanifuata kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele. Hata wakati ule, mwanangu, kanuni ya mzee ilinitumikia kwa ubaya. Lakini Mzee Mwadime alipaza sauti tusimame. Akaamuru watu wavue mabegi, akawasha moto wa chai palepale kwenye mteremko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya jua kufika kichwani. Kisha akamwita Mshai karibu yangu.

"Uliniambia tunapita kwa mzee wa kutupa uji," akamwambia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hukuniambia ni baba yake. Mimi nimemwongoza binti wa watu mpaka kwenye kidonda chake bila kujua. Kule Voi ulipuliza maji ukasema huna neno. Na hili lilikuwa nini?"

"Ningemwambia angekataa kuja," Mshai akajibu huku analia. "Baba ndiye aliyeniomba nimlete. Anaumwa. Hata mimi hakuniambia anachotaka kumwambia."

"Angekataa, angekuwa amekataa yeye. Sasa wewe ndiye uliyemwamulia."

Akanigeukia. Nilidhani atanitetea, na kwa nusu alinitetea. "Wewe umekosewa, mama. Umekosewa na dada yako leo, na baba yako zamani. Lakini yule mzee leo hajakukosea. Leo amesimama kwenye baridi kukungoja. Rudi ukamsikilize. Sisi tutakunywa chai, na chai ikiisha tutapika nyingine."

Sikurudi. Nilikaa nimeupa ule mteremko mgongo. Walikunywa chai, wakapika nyingine kweli. Kila nilipofikiria kusimama niliona macho ya watu, na niliona Mshai akipata alichokitaka kwa hila, na moyo ukasema hapana. Naapa sikuwa namfikiria baba wakati ule. Wala sikuwa namfikiria Maghanga. Nilikuwa nawaza jinsi nilivyochezewa, basi. Mwishowe ukungu ulirudi, mzee akamwaga majani ya chai, tukaenda.

Tulishuka Mbololo watu wakiwa wazima, hata lengelenge hakuna. Safari iliyotayarishwa vizuri vile sijaiona tena.

Baba alikufa mvua za vuli zilipoanza. Nilipanda kwa basi kwenda kumzika. Pale shambani, kando ya kaburi lake, niliona mahali padogo pamelimwa na kuzungushiwa mawe, pamepaliliwa vizuri, na hapakupandwa kitu. Nikamuuliza baba mdogo ni pa nini.

"Pa yule mtoto wako," akasema. "Kaka alipasafisha yeye mwenyewe, na kifua kile. Alisema utakapokuja atakuambia umlete. Si ulikuja, mwezi wa nane?"

Nikamwambia nilikuja.

Niliwaomba baba wadogo wanikubalie nimlete Maghanga. Walikaa wakazungumza, wakasema neno lile lilikuwa la kaka yao, hakulisema mbele ya wazee, na yeye ameondoka nalo. Nilirudi mwaka uliofuata nikaomba tena. Mara ya tatu nilikuta wamepanda mahindi pale. Maghanga yuko hapa Voi hadi leo, na mji umejengwa mpaka siwezi kukuonyesha kwa uhakika kaburi ni lipi. Huenda unapita juu yake ukienda sokoni.

Na Mshai? Tuliendelea kukaa chumba kimoja, tukapika sufuria moja, mpaka alipoolewa Taveta. Aliwahi kuniuliza mara moja tu, "Ningekuambia, ungekubali kuja?" Nikamjibu kwamba sijui. Ndivyo ilivyo, mwanangu, sijui. Huenda ningekataa. Huenda ningelala na neno hilo siku kadhaa, nikalia, nikafua nguo zangu, nikaenda nikiwa nimejiandaa kumtazama usoni. Hakunipa nafasi ya kujua, naye amekwisha kufa, na mimi sijapata faraja mahali popote. Watu husema miaka hutuliza. Yangu haijatuliza.

Kwa hiyo usia wangu ni huu. Nimesikia mnataka kumchukua binamu yako Nyambu katika matembezi yenu, na nimesikia mkinong'ona kwamba mkifika kule mtamkutanisha na mama yake ambaye hawasemezani. Nia yenu ni njema. Nia ya Mshai pia ilikuwa njema. Basi nenda leo, kabla hujamfungia begi, umwambie njia inapita mlangoni kwa nani, na nani atakuwa amesimama pale. Akikataa, mwache akatae akiwa amekaa kwenye kiti chake, siku nyingine atakubali. Mtu mwambie aendako, ndipo umnunulie viatu.

Na wewe mwenyewe, ikitokea siku moja umeletwa kwa hila mbele ya mtu anayekungoja, kasirika, ni haki yako. Mgombeze aliyekuleta, hata umnyime salamu mwaka mzima. Lakini kwanza vua begi, umsikilize yule aliyesimama. Yeye huenda hana siku nyingine.

Haya, simama nikubariki. Mungu wa baba zetu aitangulie miguu yako milimani. Akupe kiongozi mkweli na wenzako wasiokuficha neno. Umfikie kila anayekungoja angali hai, na atakalokuambia likukute umesimama, mwanangu, usiwe umeshapita.