Mtumbwi wa Mchonga Mizinga

Shule niliacha darasa la pili kwa sababu ya greda. Watu wakiniuliza huwa nasema baba hakuwa na uwezo, lakini huo ni uongo, na kwa umri huu sina haja nao tena. Ukweli ni kwamba asubuhi moja nilikuwa na fagio mkononi, zamu yetu ya kufagia, nikaliona greda linapita barabara kuu pale Nanyala, kubwa, la njano, limebeba kisu tumboni linakwangua njia. Nikataka kujua jioni linalala wapi. Basi, hicho tu. Nikaliweka fagio chini, nikalifuata.

Siku ya tatu baba alinikuta nimekaa juu ya pipa la dizeli nakula maharage na wafanyakazi. Kipigo sitakieleza. Na hilo greda lenyewe, ukitaka kujua, halikuwa na mahali pa kulala. Lilizimwa tu pembeni ya barabara likafunikwa turubai. Mwalimu akamwambia baba, akili ya huyu mtoto ipo miguuni. Nikapewa jembe.

Ugonjwa huo haukupona. Nimeoa nao, nimezeeka nao. Siku moja Tunduma nilimfuata mtu aliyebeba kabati la kioo kichwani, nikitaka kuona atapitaje kwenye geti lililojaa watu, nikaja kushtuka nipo Zambia, wanawake wa sokoni wananisalimu kwa Kibemba, na kitambulisho nimekiacha nyumbani kwenye koti jingine. Marehemu mke wangu alikuwa akinituma chumvi, anamtuma na mtoto wa jirani chumvi hiyohiyo, maana hajui nani atawahi kurudi.

Sasa, mto Momba. Huo nimeuona tangu utoto, unapita chini kule unaelekea kaskazini, masika una rangi ya chai ya maziwa. Nikiuliza unaishia wapi naambiwa, Ziwa Rukwa. Lakini kuambiwa si kuona. Hata Kamsamba sikuwahi kufika. Sisi watu wa Mbozi ni watu wa kahawa, joto la bonde tunalisikia kwa wenzetu. Kwa hiyo mwaka juzi, simu ilipokuja ikinitaka niende huko kwa maji, kwanza niliogopa, kisha usingizi ukaniruka kwa furaha.

Nieleze vizuri. Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Kazi yake ni kuchonga mizinga ya nyuki. Hakuna anayemfikia. Anachukua gogo, analitoboa kwa tezo mpaka ukiligonga linalia kama ngoma, analipaka nta ndani, analitundika, na nyuki wanakuja kana kwamba waliitwa. Ubaya ni kwamba alikuwa akienda huko porini kwa wiki mbili anakaa mwezi. Mke wake alimtoa Kamsamba, na mshenga wa ndoa hiyo nilikuwa mimi, ingawa posa tuliimalizia huku juu, wazee wake walipokuja. Yule mwanamke alivumilia miaka tisa. Paa likavuja juu ya kitanda msimu mzima. Akaja kwangu akasema, “Mjomba, mizinga yake haivuji. Mimi narudi kwetu.” Akapanda pikipiki, akaenda.

Baada ya miezi minane baba yake akanipigia.

“Mshenga, umeamkaje?”

“Salama, mzee mwenzangu.”

“Huyo mtu wako bado anaishi na nyuki?”

“Anaishi nao, ila na binadamu anawakumbuka.”

“Vizuri. Mwambie huku mto umejaa, hatuwezi kuvuka kwenda kwenye mpunga. Kutoboa gogo si anajua? Basi atuchongee mtumbwi, na aulete mwenyewe kwa maji. Tutakaa kikao Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akifika, mtoto wangu atasema mwenyewe mbele ya wazee kama anarudi au harudi. Asipofika, mimi sitapiga simu tena.”

Nilimpelekea mpwa wangu maneno hayo kama yalivyo. Alinoa shoka.

Kulikuwa na mninga ulioangushwa na upepo chini ya mteremko, karibu na mto, mnene watu wawili hawaukumbatii. Aliufanyia kazi wiki tatu. Mimi nilishuka siku ya safari, Jumatano, kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, kisha kwa miguu na fimbo. Ilibidi niende, maana kwetu mkwe hasemi na wakwe zake bila mshenga, na mama mkwe ndiyo kabisa: humtazami, humshiki mkono, mkikutana njiani unaingia majanini mpaka apite. Hilo mlishike.

Nikauzunguka ule mtumbwi. Mzuri jamani, laini, unanukia asali. Lakini tumbo lake ni la duara.

“Mpwa wangu, huu ni mzinga umeukata mgongo.”

“Mjomba, maji hayajui tofauti.”

Maji yalijua. Tulipoingia tu, ukabiringika, tukatoka tumelowa mpaka kofia. Yeye anaogelea, mimi kuogelea sijui, ila nilikuwa nimejiandaa: nilijifunga kifuani dumu tupu la mafuta ya kula, la lita kumi, kwa mpira wa baiskeli. Tukapakia mawe mazito chini, mtumbwi ukatulia, yeye akasimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mimi nikakaa mbele na kasia ambalo sikujua kulitumia. Tukaanza.

Nimeishi zaidi ya miaka sabini na sijawahi kuwa na siku kama ile. Milima niliyozoea kuiona kwa juu, sasa naitazama kwa chini, kuta za mawe mekundu pande zote, pimbi wamejipanga wanaota jua wanatushangaa. Nyani mmoja alitembea sambamba na sisi ukingoni kitambo kirefu, tukisimama anasimama. Niliuliza kila kitu. Kwa nini maji yanarudi nyuma pale kwenye jiwe? Kwa nini hapa ya baridi na hapa ya vuguvugu? Mpwa wangu alijibu moja kati ya kumi. Kwenye maporomoko tulishuka, tukatoa mawe, tukauburuta mtumbwi juu ya magogo kupitia msituni, tukarudia kubeba mawe, mpaka viganja vikawa kama vya mtu mwingine.

“Hivi ukifika utamwambia nini mkeo?” nilimuuliza tukipumzika.

“Nitamwambia, mtumbwi huu hapa.”

“Na kingine?”

Akafikiri kweli. “Kwani kuna kingine, mjomba?”

Alhamisi adhuhuri tukaona ufa mdogo unavujisha. Tukauvuta mtumbwi kwenye mchanga, tukaupindua juu ya mawe mawili, akaupaka nta kwa ndani, nta nyingi, kwa mkono uleule uliozoea. Tukaenda kivulini kula viazi. Tuliporudi kulikuwa na mvumo. Nyuki wanaingia na kutoka chini ya mtumbwi, kundi zima, limekwisha kuning'inia ndani kama ndevu.

Tafakari mwenyewe. Gogo tupu, limepinduliwa, giza ndani, limepakwa nta na mtu ambaye kila nyuki wa upande ule anamjua. Wangefanya nini?

“Wamehamia,” mpwa wangu alisema. Sijawahi kuuona uso wake hivyo, hata siku ya harusi.

“Lete moshi tuwafukuze. Kesho kutwa ni Jumamosi.”

“Hawa wametoka mbali, mjomba. Wamechoka.”

“Na mkeo je, hajachoka?”

Akanitazama kama nimesema kwa lugha ya watu wengine. Akachukua shoka akaenda kumenya gome la mti. Alikunja mzinga wa gome, akaushona kwa kamba za miti, akautundika. Kazi hiyo ikala Alhamisi iliyobaki na asubuhi ya Ijumaa, kisha akawahamisha kwa viganja vitupu, taratibu, anawasemesha kwa Kinyiha. Yeye hawakumgusa. Mimi waliniuma mara nne, moja juu ya jicho. Na nikiri: nilikasirika, lakini sikuondoka pale. Nilitaka kuona atakavyomkamata malkia.

Tukakimbiza mtumbwi Ijumaa iliyobaki, na Jumamosi tangu alfajiri. Milima ikafunguka, joto likatupiga usoni, mto ukawa mpana, mzito, wa matete. Viboko walitoa masikio tu. Wavuvi wawili ndani ya mtumbwi wa maana wakatupita.

“Mzee! Hayo mafuta unauzaje?” mmoja akauliza, akilinyooshea kidole dumu langu.

“Muulize na nyama,” mwenzake akasema, “maana mamba atataka vyote pamoja.”

Waliondoka wanacheka, na mimi nikacheka, jicho moja limefumba.

Tulifika Kamsamba jua limeshapinda. Ukingoni watu walikuwa wanatawanyika, wazee wamekwisha inuka kwenye viti. Baba mkwe alisimama mikono nyuma, na yule mwanamke pembeni yake, amejifunga kanga kiunoni. Mpwa wangu akaanza kuyarudisha mawe mtoni, jiwe moja moja, maana hakutaka wakwe waone mtumbwi wake unahitaji mawe. Mimi nilimwona. Sikumkataza, nilikuwa natafuta maneno.

“Mmechelewa,” baba mkwe alisema.

“Maporomoko, mzee mwenzangu. Maporomoko ya huko juu yametuchelewesha.”

Mwanamke akanisogelea, akalitazama jicho langu. “Shikamoo, mjomba. Maporomoko ya huko siku hizi yana miiba?”

Akageuka akamtazama mume wake kwa muda, kisha akatazama chini. Nikajua swali letu linajibiwa pale pale, na linajibiwa vibaya.

Baba mkwe akasema haya, wazee warudi vitini, lakini kwanza mtumbwi ujaribiwe. Mama mkwe yuko ng'ambo tangu asubuhi anafukuza ndege kwenye mpunga, mvuvi aliyemvusha kaondoka na mtumbwi wake. Kamleteni. Mpwa wangu akashika upondo. Nani mwingine angeweza kuendesha kitu kile? Nami nikapanda nikae katikati yao, ndiyo kazi ya mshenga.

Akatuvusha akiuegemea upondo huku na huku tusipinduke, na ng'ambo mama alikuwa anasubiri na beseni lake. Alipomwona mkwe wake akajifunika uso kwa kanga. Mkwe naye akashuka majini, akageuza mgongo mpaka mama alipokaa. Sasa njiani unaingia majanini. Mtoni je, unaingia wapi? Kukaa naye mtumbwi mmoja hawezi. Alibaki majini. Akashika nyuma ya mtumbwi, akaanza kuusukuma huku anaogelea, uso kaugeuzia kule matete, na watu wa ukingo ule wa kikao wanapiga kelele, “Panda wewe! Mamba! Heshima gani hiyo!”

Katikati ya mto mama alisogeza beseni. Kidogo tu. Mtumbwi bila mawe, bila mtu nyuma, tumbo la duara. Ukabiringika kama ulivyobiringika siku ya kwanza.

Mimi dumu lilinirusha juu, nikawa naelea kama boya, kwa hiyo niliona yote. Niliona kanga ya mama inazama. Niliona mtumbwi umegeuka kifudifudi unaondoka na maji, taratibu, na mpwa wangu ameukaribia kiasi cha kuugusa. Aliutazama. Kisha akauacha, akazama, akatoka amemkumbatia mama mkwe wake kiunoni, mikono yote miwili, kifua kwa kifua, mbele ya ukoo mzima. Akamfikisha ukingoni, akamweka kwenye mchanga, akarudi kunivuta mimi kwa mpira wa baiskeli.

Mama alikohoa maji, akatafuta kanga ya kujifunikia uso, hana. Akatumia viganja. Nyuma ya viganja mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Mshenga,” akaniambia mimi, maana yeye hawezi kusema naye, “mwambie ana mikono ya nguvu.”

Yule mwanamke alikuwa anautazama mtumbwi unavyokwenda, umefika mbali, kama mgongo wa kiboko. “Ameuacha,” alisema. Akarudia, polepole. “Mjomba, ulimwona? Ameuacha uende.” Akajifuta uso. “Mwambie nakwenda kukusanya vitu vyangu. Kesho tunapanda kurudi Mbozi.”

Nikajipangusa, nikajiweka sawa na dumu langu ili niyaseme maneno hayo kwa heshima inayostahili. Nikageuka. Mpwa wangu hayupo aliposimama. Alikuwa amekwisha pita nyumba ya mwisho, anafuata ukingo kule mtumbwi ulikokwenda na maji, nguo zinamchuruzika, hakimbii, anatembea tu. Nikamwita. Nikamwita kwa nguvu kwamba amekubali, rudi, amekubali! Aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayesema nimesikia, akaingia kwenye matete. Matete yakatikisika kidogo mbele, kisha mbele zaidi. Mpaka leo hajarudi.