Bushi Mpya za Jipu la Taratibu

Taratibu alistaafu udereva wa kampuni ya kuchimba visima, akaliomba jipu aliloliendesha huko, akauziwa. Jina la Taratibu alipewa na majirani, na hawakumsingizia: mtu anakunywa chai mpaka inapoa, halafu anauliza nani kaipooza!

Siku hiyo, lakini, alikuwa na haraka. Binti yao alikuwa amejifungua, mjukuu wa kwanza, huko ng'ambo ya milima ambako barabara ni mawe matupu. Safari ni kesho, na mkewe alikuwa ameshakubaliana na jirani yake kwenda naye kwa basi.

"Mimi jipu lako sipandi tena," alikuwa amesema. "Mgongo wangu ndio huu huu, sina wa akiba."

Alikuwa na haki, tusimwonee. Safari ya mwisho jipu lilimrusha kila shimo mpaka akashuka akitembea kwa kushika kiuno. Lakini Taratibu ilimuuma. Umri wote amebeba watu baki, leo waende kumwona mjukuu kila mtu kivyake, kama waliogombana? Hapana.

Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa uani, chini ya jipu, magurudumu yananing'inia. Shokamzoba za zamani, zinazozuia gari lisirukeruke, zilikuwa zimevuja mafuta yote. Bushi, zile pete za mpira zinazokaa kwenye maungio, zilikuwa zimelika hadi kidole kinapita. Alizing'oa zote kwa jasho na matusi madogo madogo, akafunga shokamzoba mpya, akapaka bushi mpya maji ya sabuni, akazisukuma ndani, akakaza kila nati. Akashusha jipu, akazunguka mtaa akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika kwenye kona ya kwanza. Jipu limekakamaa, linalia kwii, kwii kama kitanda kibovu.

"Lo! Mjinga mimi," alisema peke yake. Alikuwa amekaza nati gari likiwa hewani. Mpira umebanwa vibaya, na liliposimama chini ukajipinda. Ukiachwa hivyo utachanika upesi. Dawa yake ni kulegeza nati zote, gari likae chini na uzito wake wa kila siku, ndipo ukaze.

Akarudi uani, akaweka mawe kwenye magurudumu, akalegeza. Uzito sasa. Akakokota gunia la mkaa kutoka jikoni, akalipandisha mbele, kando ya dereva.

Mkewe akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe baba! Mkaa kwenye kiti changu?"

Taratibu akageuka polepole. "Kiti cha nani?"

Mama wa watu akaja, akalivuta gunia mpaka chini, akafuta kiti kwa ncha ya kanga yake, huku akinung'unika kuhusu wanaume wasio na adabu.

"Nataka uzito tu, mama. Nikaze nati."

"Na mimi sina uzito?"

"Hilo sijasema mimi!"

Akapanda, akakaa. Jipu likalala kidogo upande wake, na Taratibu, kwa busara, hakutia neno. Akaingia chini, akakaza nati moja baada ya nyingine, moyo ukimdunda kama kijana anayeposa.

Alipotoka, uso mweusi kwa grisi, mkewe hakuwa ameshuka. Alikuwa amefunga mkanda.

"Unangoja nini? Twende tuone."

Wakatoka. Kona ya kwanza, kimya. Mbele kulikuwa na shimo kubwa. Jipu likazama, likainuka, likatulia.

"Rudi upite tena," alisema mama.

Akarudi, akapita. Mama akajishika mgongo, akausikiliza. Kisha akatoa simu.

"Shoga, kesho usiniwekee nafasi kwenye basi. Ee. Nakwenda na mume wangu."

Taratibu alifurahi mpaka akashindwa kubadili gia.