Mtanikumbuka

Ndalahwa alikuwa na vyumba viwili Buzuruga, mke aitwaye Selina, na mbwa wa Kijerumani aitwaye Mtanikumbuka. Kwetu Usukumani mbwa hapewi jina la kumfurahisha mbwa. Hupewa maneno ambayo mwenyewe ameshindwa kumwambia mtu usoni. Mbwa akiitwa, mhusika anajua kaambiwa yeye. Mhusika wa Ndalahwa alikuwa Jonathan Chenge, afisa utumishi wa kiwanda cha nguo, aliyetia saini barua ya kumpunguza kazini baada ya miaka kumi na minane ya kulinda geti na mbwa. Kiwanda kilikuwa kinabinafsishwa. Iliamriwa mbwa wapigwe risasi, ila msimamizi wa zamu akamnong'oneza Ndalahwa, "Hako kadogo kachukue." Ndalahwa akakapitisha getini, kamefichwa ndani ya koti.

Miaka mitatu baadaye, mwaka tisini na saba, likabandikwa tangazo: Chama cha Wapenzi wa Mbwa wa Kijerumani, Kanda ya Ziwa, kinakaribisha wanachama wenye mbwa halisi. Ndalahwa alilisoma mara nne. Tangu apunguzwe hakuna mtu aliyekuwa amemhitaji kwa jambo analolijua.

"Baba Yeremia," Selina akamwambia, "ulinzi wa sungusungu umeacha kwa sababu ya mgongo, leo unaingia chama cha mbwa? Atakayepiga kura ni wewe au yeye?"

"Yeye ndiye mwenye sifa," Ndalahwa akajibu, akaendelea kupaka viatu rangi.

Jumamosi akaenda Capri Point, kwenye bustani ya hoteli ambako chama kilikutana. Mwenyekiti alikuwa Chenge, sasa meneja wa kiwanda kilekile chini ya mwenye mali mpya. Ndalahwa akasimama mbele yake, akingoja kukumbukwa.

"Karibu, mzee. Umetumwa na nani?"

"Nimejileta, bosi."

Katibu, Nurdin wa duka la vipuri, akajaza fomu. "Mbwa anakula nini?"

"Mapanki."

Nurdin alicheka mpaka akashika meza. "Mapanki! Mbwa wa Kijerumani!" Miaka hiyo minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mifupa, ndiyo mapanki. Ndalahwa hakueleza kwamba sufuria ya mbwa na ya nyumbani ilikuwa moja.

"Cheti cha ukoo wake kiko wapi?" Chenge akauliza.

"Cheti sina, bosi. Chapa anayo." Akaligeuza sikio la mbwa kwa fahari.

Chenge akavaa miwani, akasoma namba. Uso ukamchangamka. "Halisi kabisa! Huyu ni wa ukoo wa mbwa wetu wa kiwandani."

Wanachama wakapiga makofi. Ndalahwa naye akapiga.

"Kwa hiyo ni mali ya kiwanda," Chenge akaendelea kwa sauti ileile. "Ulimpataje?"

"Nilipewa."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo wa nani?"

Msimamizi wa zamu alikuwa amezikwa Kisesa mwaka uliopita. "Marehemu," Ndalahwa akasema.

"Hatutakupeleka polisi, mzee. Utamwacha tu." Katibu akaifuta fomu kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa kuwa chama kilikuwa cha wenye mbwa, na aliyesimama pale hakuwa na mbwa.

Ndalahwa alikwisha fika getini, mbwa bado akimfuata, Chenge alipopaza sauti. "Mzee! Anaitwa nani?"

Angeweza kunyamaza. Lakini miaka kumi na minane humfundisha mtu kwamba bosi akiuliza, hujibiwa. "Mtanikumbuka."

Chenge, naye Msukuma, mzaliwa wa Magu, akaangua kicheko. "Ha! Jina la kwetu hasa! Nani huyo aliyekukosea?"

"Mambo ya zamani, bosi."

"Pole sana. Watu wabaya." Akapiga paja lake. "Mtanikumbuka!"

Mbwa alimtazama Ndalahwa kidogo. Kisha akaenda, akaketi miguuni pa mwenyekiti, kama alivyofundishwa: kutongoja kuitwa mara ya pili.